Memori Yangu Ilivuliwa Koti

SEHEMU YA SABA

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi: mimi ndiye yule mshona sare ambaye kiwanda kilimfungia lango, akaenda kumalizia hasira zake kwenye ukumbi wa michezo ya kompyuta, akajikuta anawafunga vijana waliokua na kipanya mkononi. Wao ndio walionibandika jina la Sindano. Walisema nikilenga, sikosi.

Wiki iliyopita niliwaacha pabaya. Ilikuwa mechi ya mchujo. Kocha wa timu alibakiza nafasi moja tu kwenye kikosi chake, na aliyeshinda angekwenda naye kambini, mji wa mbali, alipwe mshahara wa kucheza. Tulibaki wawili tunaoigombania. Mimi nikiongoza.

Ndipo skrini yangu ikaganda.

Nilikuwa nimemsukumia mpinzani wangu kwenye kona ya ukuta, sina kazi nyingine ila kubonyeza. Nikabonyeza. Askari wangu akabaki amesimama kama sanamu ya dukani. Kisha giza. Kisha kompyuta ikajiwasha upya, taratibu, kama mtu anayeamka siku asiyokwenda kazini.

Iliporudi, askari wangu alikuwa ameshauawa.

Kocha akaturuhusu turudie. Ikaganda tena, mapema kuliko mara ya kwanza. Safari hii hakuruhusu.

Fundi akaja mbio kutoka kwenye viti vya watazamaji. Mnamjua Fundi: mchumba wangu, mwenye karakana ya kompyuta, ndiye aliyeniunganishia mashine ile kipande kwa kipande. Akapiga magoti, akafungua ubavu wa mashine, akachungulia ndani, akatikisa kichwa.

"Ni memori," akamwambia Kocha. "Hazipatani na mashine. Alizichagua mwenyewe. Nilimshauri, hakusikia."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana niliamini.

Nikasimama mbele ya ukumbi mzima nikaomba radhi. Nilimwomba Kocha radhi kwa kumpotezea muda, nikamwomba mpinzani wangu radhi kwa ushindi uliomjia bila ladha. Nikasema kosa ni langu, nilijifanya najua. Fundi alikuwa amenishika bega muda wote huo, ananipapasa kama mtoto aliyejikwaa.

Sasa ngoja niwaeleze zile memori nilivyozichagua. Bila hapo, uchungu wangu hamtauelewa.

Kompyuta ina mahali pawili pa kuweka vitu. Pa kwanza ni kama stoo, vitu vinakaa humo hata umeme ukikatika. Pa pili ni memori, ile wengi wanaiita RAM, vijibao vyembamba kama rula vinavyochomekwa kwenye ubao mkubwa wa ndani. Mimi nilielewa siku nilipoifikiria kama meza ya kukatia vitambaa. Meza ikiwa finyu, kila dakika uko kabatini, rudisha hiki, chukua kile. Na mchezo mkubwa una ramani, milio, moshi, watu wanaokimbia huku na huku, na vyote vinataka kutandazwa kwa pamoja. Meza ikijaa, mchezo unakwama.

Fundi alitaka nichukue kipande kimoja kikubwa alichokuwa nacho karakanani. Nilikataa. Nilikuwa nimesoma, nimeuliza watu, nimetazama video mpaka macho yakauma. Nilijua vipande viwili vilivyotoka kiwandani vikiwa jozi husaidiana, na kwamba kimoja peke yake hujitutumua tu. Nilijua memori zina vizazi, na kizazi cha tano hakiingii kwenye tundu la cha nne hata ukisukuma kwa goti, kwa sababu pengo la chini limekaa mahali pengine. Nilijua kuwa kasi iliyoandikwa kwenye boksi haiji yenyewe. Lazima uingie kwenye mipangilio ya mashine uiwashe, la sivyo umelipia kitu usichokitumia. Hata urefu niliupima kwa futi yangu ya kushonea, zisije zikagusa feni.

Fundi alicheka sana siku ile. Akasema hajawahi kuona mtu anampima memori kiuno.

Niliuza cherehani yangu ya pili ili nizipate. Gigabaiti kumi na sita kila kimoja, jozi, na kila kimoja kimevaa koti la bati jeusi lenye mstari wa taa juu yake. Nilizichomeka mwenyewe, tundu la pili na la nne, kama kitabu cha ubao kinavyoelekeza. Nikacheza nazo wiki hata wiki. Hazikukohoa hata mara moja.

Siku moja kabla ya mechi, Fundi akaniambia nimwachie mashine aipulize vumbi. Ikatoka karakanani kwake moja kwa moja hadi ukumbini. Niliiwasha, taa za makoti yangu zikawaka vizuri. Ningetafuta nini zaidi?

Nilirudi nyumbani siku ile ya mechi nimenywea. Dada alinipokea mlangoni. Alikuwa amechemsha maji ya kuoga, amenitengea chai, na aliponiona usoni hakuuliza matokeo. Alinikumbatia tu.

Dada ndiye mama yangu, kama nilivyowaeleza mwanzoni. Mama alipofariki, yeye ndiye aliyenifunga kamba za viatu. Baba alipopigwa na kiharusi, yeye ndiye aliyemhamishia kitanda chumba cha karibu na jiko ili amsikie. Mimi nashona na kucheza, yeye anamgeuza Baba, anamlisha, anamnywesha dawa. Hatukuwahi kukaa chini tukagawana kazi hizo. Ziligawanyika zenyewe, na kubwa zote zikaangukia upande wake.

Alinifuta machozi kwa upindo wa khanga yake akasema labda Mungu hakupanga niende. Akasema nyumbani napo ni mahali. Nikalia zaidi, kwa sababu nilidhani ananifariji.

Fundi naye akaja keshoye na mashine begani. Akasema ameikagua, tatizo ni lile lile, memori nilizochagua ni za kujionyesha tu. Akanishauri niiuze yote kama ilivyo. Akaongeza kuwa sasa mambo ya kambi yameisha, tunaweza kuirudisha karibu ile tarehe ya harusi tuliyokuwa tumeisogeza. Dada akatabasamu, akasema hilo ndilo neno.

Nilikuwa nimeshakubali. Nawaambia ukweli. Mwenye kuaibika hana nguvu ya kubishana.

Kilichoniokoa ni uchoyo wa mshona nguo. Sisi hatutupi hata kipande cha kitambaa kisichotosha mfuko. Nikawaza, kama memori ni mbovu, si zina dhamana? Kwa nini niziuze kwa bei ya kutupa wakati duka linaweza kunibadilishia?

Nikazichomoa. Nikazifunga kwenye leso, nikaenda dukani.

Mwenye duka lile ni mama mmoja mtu mzima, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia vizuri, akanikumbuka kuwa ndiye mteja aliyemuuliza maswali mpaka chai yake ikapoa. Nikamweleza shida. Akafungua leso.

Alizishika kwa muda mrefu. Akazigeuza. Akaivuta miwani hadi ncha ya pua, akapitisha ukucha kwenye ukingo wa koti. Koti likabanduka kama ganda la yai lililochemshwa.

"Binti," akasema, "unataka kuniibia dukani kwangu?"

Sikuelewa. Akabandua na la pili. Akaviweka vijibao viwili uchi juu ya kaunta, na hata mtu asiyejua kompyuta angeona. Kimoja kilikuwa kijani, kingine buluu. Kimoja meno yake ya dhahabu yalikuwa yamepauka na kuingia weusi. Gundi ilikuwa bado inanata kwenye kidole chake.

"Makoti ni ya kwetu," akasema. "Miili si ya kwetu. Hivi ni vikuukuu, tena si ndugu. Hiki kimoja kimeungua. Umevibandika kwa ujanja mzuri, ila si kwa macho yangu."

Wateja wakageuka. Mlinzi akasogea hatua chache. Siku chache nyuma niliitwa mjinga mbele za watu. Sasa naitwa mwizi.

Nilimwambia yule mama kuwa mimi sijazifungua tangu aniuzie. Nilisema polepole, kwa sababu wakati nasema nilikuwa nasikia maneno yangu mwenyewe na maana yake inaniingia. Sijazifungua. Basi nani?

Nadhani aliiona ile maana ikiniingia. Aliacha kunikazia macho. Akasema kulivua koti la memori bila kulipinda kunataka hewa ya moto ya kiasi na mkono uliotulia. Mtu wa kawaida angelivunja. Akaniuliza kama kuna mtu wa namna hiyo aliyewahi kuishika mashine yangu.

Nilimwambia yupo. Nikakusanya vile vijibao na makoti yake, nikamshukuru, nikatoka. Mlinzi akanifungulia mlango bila kunitazama.

Karakana ya Fundi iko nyuma ya duka la vioo. Nilimkuta ameinamia kompyuta ya mapajani ya mteja mmoja, taa ya kichwani imewaka. Nikamsubiri yule mteja aondoke. Kisha nikaviweka vijibao vyote viwili mezani kwake, uchi, kimoja kijani, kingine buluu.

Hakuuliza ni nini. Akazima taa ya kichwani.

Kutouliza kwake kulinitosha, lakini moyo wa mtu ni mbishi. Nikataka kusikia.

"Zangu ziko wapi?"

"Hazipo hapa."

"Nimekuuliza ziko wapi."

Akafuta mikono kwa kitambaa chenye mafuta, kidole kimoja kimoja, kama daktari. "Ziko kwa dada yako," akasema.

Akili yangu ilikimbilia pale ambapo akili ya mwanamke yeyote ingekimbilia. Niliona chai, niliona maji ya kuoga, niliona lile tabasamu aliposema hilo ndilo neno. Nikamuuliza tangu lini. Ilimchukua muda kuelewa ninachouliza, na alipoelewa alitaka kucheka, akaniona uso, akaacha. Akaapa kwa kaburi la mama yake kuwa si hivyo, hajawahi kumgusa, wala hajawahi kufikiria.

Baadaye nilitamani ingekuwa hivyo. Ukiibiwa mwanamume na dada yako, unajua pa kuweka hasira.

Akanieleza. Dada alimfuata karakanani siku zile nilipokuwa nikifanya mazoezi ya mwisho. Aliketi kwenye kile kigoda cha wateja akalia bila sauti. Hakuomba mengi. Aliomba nisishinde, basi. Akamuuliza kama hakuna namna ya kuifanya mashine inikatalie siku ile moja tu, bila kuniumiza. Fundi akamwambia namna ipo.

Wazo la makoti lilikuwa la Fundi. Hilo hakulificha. Alinijua: ningeona taa haziwaki, ningefungua. Kwa hiyo akazivua memori zangu makoti, akavivika vikuukuu viwili vya kwenye droo, akavijaribu. Vikawaka. Vikakubali kazi ndogo ndogo. Alijua mchezo ukipamba moto havitafika mbali. Memori zangu akampa Dada akae nazo, eti zisikutwe kwake.

"Kwa nini wewe?" nikamuuliza. "Dada nitamuuliza mwenyewe. Wewe kwa nini?"

Akatazama meza.

"Ungeenda, usingerudi," akasema. "Kule utakutana na watu wanaojua vitu. Mimi ni fundi wa uchochoroni. Nilitaka ubaki."

"Uliniacha nikaomba msamaha. Ulinishika bega."

"Nilijua watakusamehe."

Nimeyarudia maneno hayo kichwani mara nyingi tangu siku ile. Nilijua watakusamehe. Alikuwa amepima kila kitu, hata aibu yangu, akaona inatosha mfukoni.

Nikavikusanya vijibao, nikamwambia ile tarehe ya harusi aifute. Akaniita kwa jina langu, lile la nyumbani, ambalo hakulitumia sana. Sikugeuka.

Sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilimtafuta Kocha kwanza. Nilimkuta ukumbini anafunga nyaya na kupakia mashine za timu kwenye maboksi, kesho yake jioni wanaondoka. Nikamwonyesha vijibao na makoti, nikamweleza bila kutaja ni nani. Niliona haya. Unaanzaje kumwambia mgeni kuwa waliokuhujumu ni mchumba wako na dada yako?

Kocha si mtu wa huruma. Alisema hadithi nzuri anazisikia kila wiki. Lakini akakichukua kile kijibao kilichoungua, akakinusa, akanirudishia. Akasema yule aliyenishinda amekuwa akilalamika kuwa watu wanamcheka, wanasema alishinda kompyuta, si mtu. Basi tucheze tena kesho mchana, mashine zikiwa zimekaguliwa na yeye mwenyewe. Nikishinda, nipande basi na wao jioni ile ile. Nikishindwa, asinione tena.

Nikamwambia nitakuja na mashine nzima.

Nilifika nyumbani jua linazama. Dada alikuwa jikoni anaosha vyombo vya Baba, lile bakuli la plastiki na kijiko chake kifupi. Nikasimama mlangoni.

"Dada, naomba memori zangu."

Hakuuliza memori gani. Alikausha mikono, akapita kando yangu, akaingia chumbani kwa Baba, akatoka na boksi la dawa. Ni boksi la bati la biskuti, limekaa juu ya kabati lile tangu Baba alipougua. Akalifungua juu ya meza. Akaondoa vidonge, akaondoa chupa, akaondoa sindano za zamani. Chini kabisa, zimeviringishwa kwenye bendeji safi, ndimo zilimokuwa memori zangu, bila makoti.

"Ungeweza kuzitupa," nikasema.

"Si zangu nizitupe."

"Ungeweza kuzificha mbali."

"Hapa ndipo mbali," akasema. "Nilijua boksi hili hutalifungua."

Nilikuwa nimejiandaa kwa mengi. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, makali, yenye ncha. Hilo sikulitegemea.

Nikamwambia, hata hivyo, kuwa amenisaliti. Nikamwambia angenitukana, angenifungia mlango, ningeelewa. Lakini alinichemshia maji, akanifuta machozi, huku memori zimo humu ndani. Nikamuuliza machozi yale aliyafuta kwa mkono gani.

"Yalikuwa ya kweli," akasema. "Yako na yangu."

Akaketi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwona Dada ameketi bila kitu mkononi. Akaniambia mambo niliyokuwa nayajua moja moja lakini sijawahi kuyasikia yakipangwa pamoja. Kwamba aliacha shule ili mimi nisiache. Kwamba kulikuwa na mtu aliyetaka kumwoa, akamwambia asubiri Baba apate nafuu, mtu akasubiri, akasubiri, kisha akaoa kwingine na kumwalika. Kwamba kila nilipopata kitu, kiwanda, ukumbi, Fundi, alinifurahia kwa dhati, na kila mara mlango ulipofungwa nyuma yangu aliusikia.

"Ungeniambia, Dada."

"Ningekuambia usiende, ungesema nini?"

Nikafungua kinywa.

"Ungesema utatuma pesa," akasema.

Nikakifunga. Ni hilo hilo nililotaka kusema.

Lakini siwezi kuwadanganya kwamba moyo ulilainika. Haukulainika. Uchungu wake ulikuwa wa kweli, na bado ulikuwa umepita juu yangu kama gari. Alikuwa na kinywa. Alichagua bisibisi ya mtu mwingine. Nikamwambia kesho nakwenda, nishinde nisishinde, na kwamba mtu niliyemwamini kuliko mwili wangu ameniuza kwa yule wa pili niliyemwamini. Nikamwambia sitaki anipikie, sitaki anisindikize.

Akaitikia tu, kama mtu anayepokea maelekezo ya kazi.

Nikachomeka memori zangu, tundu la pili na la nne, uchi kama zilivyo. Memori haihitaji koti ili ifanye kazi. Nikaiwasha mashine, nikaingia kwenye mipangilio, nikaiwasha kasi. Nikacheza mchezo mzito kuliko yote niliyonayo. Haikuganda. Haikukohoa. Ukutani nikamsikia Dada akimgeuza Baba, ile sauti yake ya kuhesabu kabla ya kumnyanyua, moja, mbili, haya.

Nilijifunika shuka mpaka kichwani nisisikie.

Asubuhi nilifunga begi. Nguo chache, kipanya changu, futi yangu ya kushonea. Kocha akanipigia kuuliza kama bado nipo. Nikamwambia niko njiani. Nikaibeba kompyuta kifuani, nimeikumbatia kama mtoto mzito, begi mgongoni, nikatoka sebuleni.

Dada alikuwa mlangoni.

Alikuwa amevaa. Nasema amevaa: gauni la kutokea, nywele zimefungwa, na viatu vyenye kisigino ambavyo nilidhani alishavigawa. Nikafikiri amekaidi, anataka kunisindikiza. Nilikuwa naandaa jibu nilipoona begi miguuni pake.

"Dawa ya asubuhi nimeshampa," akasema. "Ya mchana ni ile nyeupe, uivunje katikati. Mketishe kwanza ndipo umpe, ukimpa amelala itampalia. Shuka kavu ziko kwenye kapu."

"Unakwenda wapi?"

"Wewe ulipokubali kwenda uliniuliza?"

"Dada, leo nina mechi. Leo. Unajua."

"Najua," akasema. Hakuwa na hasira. Ningependa kuwaambia alikuwa na hasira, ingenirahisishia. Alikuwa na uso wa mtu aliyelala vizuri. "Nimekaa nikitafakari. Nilikuharibia njia yako kwa sababu niliogopa kuitafuta yangu. Hilo sitalifanya tena. Kwa hiyo nakwenda."

Nikamwambia asubiri hadi jioni, jioni tu, nicheze kwanza, tutazungumza. Nikamwambia hawezi kunifanyia hivi mara mbili. Nikamshika mkono kwa mkono niliokuwa nao huru, kompyuta ikanitelezea, nikalazimika kumwachia ili niidake.

Akaitazama ile kompyuta. Akanitazama mimi. Akachukua begi lake.

Nilimsikia akishuka ngazi. Visigino vilipiga polepole mwanzoni, kama mtu aliyesahau kuvitembelea, kisha vikazoea, vikaenda haraka, vikapotea barabarani.

Nikabaki nimesimama sebuleni. Mlango wa nje uko wazi. Mlango wa chumba cha Baba uko wazi.

Baba akaita.

Tangu kiharusi kimshike, maneno ya Baba hutoka yamekatika mikia. Anayeyaelewa ni Dada. Mimi huwa namwita Dada aje aniambie Baba kasema nini, ndivyo tulivyoishi miaka yote hii, na sikuwahi kuona kuwa kuna ajabu.

Aliita neno moja. Lilianza na n, likafia puani.

Simu yangu ikaanza kutetemeka mfukoni. Nikasogea hadi kizingiti cha chumba chake, kompyuta bado kifuani. Alikuwa ameegemezwa kwenye mito, amenyolewa ndevu, amevishwa shati safi. Macho yake yalipita juu yangu hadi mlango wa nje, yakarudi kwangu. Alikuwa amesikia kila kitu.

"Baba," nikasema, "umesema njoo, au umesema nenda?"

Akavuta pumzi. Akalirudia, kwa nguvu zake zote, na bado sikulielewa.